Tasa ya Bi Thuwaiba

Nyumbani kwa Bi Thuwaiba, Lewisham, London, hakuna aliyekula kabla ya kunawishwa. Bomba lilikuwapo jikoni na lilitoa maji ya moto na ya baridi, lakini Bi Thuwaiba alilidharau. Mgeni aliketi, akaletewa birika ya maji ya vuguvugu na tasa ya shaba, akamiminiwa maji taratibu juu ya vidole, nayo maji yakaangukia ndani ya tasa. Tasa yenyewe alipewa na mama yake siku ya harusi. Ilipanda naye ndege kutoka Unguja mwaka 1986 ikiwa imeviringishwa kwenye kanga, na afisa wa forodha pale uwanjani akaigeuza juu chini akitafuta anachokijua mwenyewe. Alipoambiwa ni ya kunawia mikono alicheka. Bi Thuwaiba hajamsamehe mtu yule mpaka leo.

Kule Unguja alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. London alikuwa msaidizi wa mwalimu: anakata karatasi, anafunga kamba za viatu, anapangusa pua za watoto wa watu. Hakulalamika, kwa kuwa aliwapenda watoto hata wenye makamasi. Mumewe, Abdulwakil, aliendesha basi, na nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache kwa sababu, alivyodai, maneno yake yote yaliishia kwa abiria. Wawili hao walipendana bila kelele. Jioni zao zilikuwa za chai, redio, na soksi zilizokaushwa juu ya hita. Hawakujaaliwa mtoto, na walikuwa wameshalia kilio hicho zamani, wakamaliza.

Siku yake hasa ilikuwa Jumamosi. Asubuhi sebule iligeuka darasa la watoto wa Waunguja, wa watu wa bara, wa Wakenya, na mmoja wa Kikongo ambaye Kiswahili chake kilimchekesha kila mtu pamoja na mwenyewe. Wazazi walitaka watoto wasiipoteze lugha, wakatarajia nyimbo na salamu. Bi Thuwaiba akawapa hesabu.

"Salamu hazifiki mbali," aliwaambia wazazi. "Wakiweza kugombana kwa Kiswahili juu ya pembetatu, hapo ndipo watakuwa wanakijua."

Na hesabu alizozipenda ni za Wayunani wa kale. Marehemu baba yake, aliyesoma kwa masheikh, alikuwa akimtaja Uklidisi wa Iskandaria kama anavyotajwa jirani aliyehama mtaa, na binti akarithi mazoea hayo. Uklidisi alifundisha Misri, aliwaambia watoto, kwa hivyo asitokee mtu akawatisha naye; ni mtu wa kule kwetu Afrika. Aliwapa uzi na chaki wakachora duara mbili zilizo sawa, kila moja ikipita kwenye kitovu cha mwenzake, na pale duara zilipokatana wakapata pembetatu yenye pande tatu sawa bila ya mtu kupima chochote. Watoto walinyamaza. Ukiwajua watoto wa London, utajua hilo si jambo dogo.

Kisha likaja chekeche la Eratosthenesi. Jina hilo liliwashinda, wakambatiza Mzee Chekeche, na Bi Thuwaiba akaona bora iwe hivyo. Unaandika namba kuanzia mbili mpaka mia. Mbili unaiacha, lakini kila inayogawika kwa mbili unaifuta. Tatu unaiacha, kila inayogawika kwa tatu unaifuta. Unakwenda hivyo hivyo mpaka juu ya chekeche zinabaki zile ngumu tu, zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, na wenzao.

Hapo ndipo Bi Thuwaiba alipokuwa akikwama kila mara. Namba hizo Kiswahili cha shuleni kinaziita namba tasa. Na tasa hii si ile ya shaba. Ni neno jingine lenye sura ileile, na maana yake ni mwanamke asiyezaa.

Mara ya kwanza alipolifundisha, bado kijana, sauti ya mtoto kutoka nyuma ya darasa ilisema, "Leo mwalimu anafundisha namba zake." Darasa zima likaangua kicheko. Mtoto hakuwa na kosa, alilichukua kwao. Na kwao walilichukua kwa Bi Mgeni, dada yake mkubwa Abdulwakil, aliyewahi kusema katika shughuli moja, huku akichagua mchele na wanawake wenzake, kwamba mdogo wake amejiolea tasa. Thuwaiba alikuwa nyuma ya mlango na sinia mikononi. Aliingia, akaliweka sinia chini, akatoka. Wote walijua kwamba amesikia, na hakuna aliyeligusa jambo hilo tena. Lakini ulimi hauna mfupa, na neno likishatoka halina wa kulirudisha. Tangu kicheko kile cha darasani mlango huo wa kitabu aliupita mbio mbio, na alipofika London alishukuru kupata neno la Kiingereza la kujifichia. Akawa anasema "prime" na mambo yanakwisha.

Yalikwisha mpaka alipokuja Peris. Huyu alikuwa binti wa nesi wa Kikenya wa pale hospitali ya Lewisham, mwenye miaka kumi na moja na maswali ya mtu wa sitini. Kiswahili alikielewa chote, lakini alijibu kwa Kiingereza kama wenzake wote waliozaliwa huku.

"What's prime in Swahili, Auntie?" aliuliza Jumamosi moja.

Bi Thuwaiba aliutazama ubao. "Tasa," alisema, kwa sauti ya mtu anayekohoa.

Peris akageuka kuitazama tasa ya shaba iliyokuwa juu ya meza, ambayo yeye na wenzake walikuwa wamenawia muda mfupi uliopita kabla ya kula maandazi. Uso wake ukafunguka. "Oh, like that one," alisema, na bila kungoja akachora tasa ndogo kwenye daftari, ndani yake akaandika mbili. Akachora nyingine, akaandika tatu.

Mwalimu alipaswa kusahihisha. Alifungua kinywa, akaona watoto wote wanachora vibakuli, hakuna anayecheka, hakuna anayemtazama yeye. Akakifunga. Moyo wake ulijaa raha ya ajabu, na akaigawa sahani ya pili ya maandazi ambayo kwa kawaida aliificha kwa ajili ya Abdulwakil.

Kwa hivyo katika sebule ile tasa ikawa ni chombo cha kunawia basi, na namba tasa zikawa namba za kunawia. Ukizidisha mbili kwa mbili kwa tatu unapata kumi na mbili. Watoto wakasema kumi na mbili amenawia katika mbili, akarudia katika mbili, akamalizia katika tatu. Hata Uklidisi asingeona kosa, maana alichotaka yeye ni kwamba kila namba, ukiivunja mpaka mwisho, itakufikisha kwenye namba tasa. Mambo yangebaki hivyo, kama Bi Mgeni asingekuja.

Bi Mgeni alikuja London majira ya joto ya mwaka 2001 kumtembelea ndugu yake. Alikuwa mjane, muuza viungo wa soko la Darajani kule Unguja, mnene wa sauti, na mtu aliyejumlisha kichwani kabla hujamaliza kutaja ulichonunua. Jina lake lilimpa Abdulwakil nafasi ya kumtania kila asubuhi kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, naye kila asubuhi alijibu kwamba huku hakuna shamba. Alisafisha jiko lisilo chafu. Alilishutumu jua la London kwamba halina adabu, halijui saa ya kuzama, linamchelewesha mtu Magharibi yake. Alikaa vizuri na wifi yake, wakapika pamoja na kwenda pamoja gulioni kununua muhogo. Siku moja tu, walipopita mbele ya hospitali, aliitazama ghorofa kwa ghorofa, akasema, "Na yote hii haikuweza kitu?" Bi Thuwaiba alijibu kwamba haikuweza, na wakaendelea na safari yao.

Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo ilikuwa siku ya wazazi. Wakenya waliwapa ukumbi wa kanisa lao, na kila mtoto alitakiwa asimame aeleze jambo moja la hesabu kwa Kiswahili. Peris alichagua namba tasa. Alikuwa ametengeneza bango kubwa lenye tasa za rangi ya dhahabu, kila moja na namba yake, na alilifanyia kazi mpaka mama yake akasema nyumba nzima inang'aa alama za vidole.

Bi Thuwaiba aliliona bango hilo akapiga hesabu ya viti. Bi Mgeni angekaa mstari wa mbele; wifi mkubwa huwezi kumweka nyuma. Na neno lile lingetamkwa mbele yake, hadharani, baada ya miaka yote. Alichokiogopa ni hicho tu: watu wageuke wamtazame tumbo.

"Nitampa Peris pembetatu," alimwambia mumewe kwenye chai ya asubuhi.

"Mtoto kachora bango," Abdulwakil alisema.

"Nalijua. Lakini dada yako yupo."

Abdulwakil alizungusha kijiko ndani ya kikombe. Yeye pia aliujua mlango ule na sinia lile, ingawa hawakuwahi kulizungumza. "Thuwaiba," alisema, "umemkimbia dada miaka yote hiyo mpaka Ulaya, na sasa kakufuata. Utamkimbilia wapi tena, Croydon?"

Bi Thuwaiba alicheka bila kutaka. Kisha akafikiria uso wa Peris akiambiwa aliache bango lake nyumbani, na hilo ndilo lililomshinda. Akaamua mtoto atasema, na litakalokuwa liwe.

Ukumbi ulijaa. Mtoto wa Kikongo aligawanya sehemu kwa lahaja yake, akashangiliwa. Wawili wa Kiunguja wakachora duara na pembetatu, uzi ukakatika, wakaendelea. Akapanda Peris na bango lake.

"Hizi ni namba tasa," alisema kwa Kiswahili alichokikariri wiki nzima. "Tasa ni kitu ya kunawa. Kwa Auntie Thuwaiba, kila mtu lazima anawe kwa tasa kabla ya kula. Na namba pia, kila namba lazima ipitie kwa tasa. Kumi na mbili ilipitia kwa mbili, mbili na tatu. Hakuna namba haikupitia. Isipokuwa moja. Moja haili."

Wazazi walicheka kwa furaha. Bi Mgeni naye alicheka, kisha akainua mkono, na sauti yake, iliyozoea soko, ikafika mpaka mlangoni.

"Umesema vizuri, mwanangu, lakini hiyo siyo tasa yenyewe. Tasa ya hesabu si chombo. Tasa ni mwanamke asiyezaa."

Alisema kwa nia njema, kama unavyomsahihisha mtoto asije akaaibika mbele ya watu. Lakini neno lilipokwisha kumtoka alisikia mwenyewe limeangukia wapi. Mkono wake ukabaki hewani. Waunguja wote waliokuwamo wakatazama viatu vyao, na Wakenya, bila ya kujua kisa, wakatazama vya kwao. Peris aligeuka kumtazama mwalimu wake, bango limemshuka kifuani.

Bi Thuwaiba alisimama. Aliona haya, nisifiche. Lakini aliona zaidi mtoto anayetaka kulia kwa kosa ambalo si lake.

"Bi Mgeni kasema kweli," alisema. "Peris, nilikuacha ukosee, na kosa ni langu. Ndivyo neno lilivyo. Aliyezipa namba hizi jina hilo alizitazama akaona hazigawiki, huwezi kuzivunja ukapata vidogo vidogo, akasema hizi hazizai, ni tasa." Ilikuwa mara ya kwanza tangu ujana wake kulitamka kwa sauti yake kamili.

Peris alikunja uso. Alifikiri, na kwa jinsi alivyofikiri alisahau kulia. "But that's wrong," alisema, kisha akakumbuka siku yenyewe ni ya Kiswahili. "Si kweli, Auntie. Kumi na mbili imetoka kwa hizo. Mia imetoka kwa hizo. Zote zimetoka kwa hizo. Mtu akisema hazina watoto, hajafanya homework."

Mama mmoja wa Kikenya alisema, "Kweli kabisa," na watu wakapumua.

"Hajafanya," Bi Thuwaiba alikubali. Alichukua chaki. Hakupanga kufundisha siku ile, lakini mwalimu akishashika chaki habari imekwisha. "Na hilo silo kubwa. Uklidisi aliuliza jambo jingine. Je, namba hizi zina mwisho? Utafika mahali useme tasa zimekwisha, hakuna zaidi? Wifi, nisaidie. Nitajie tasa unazozijua."

Bi Mgeni alikuwa bado ameinama. Akasema taratibu, "Mbili. Tatu. Tano."

"Tuseme hizo ndizo zote duniani. Zizidishe."

"Thelathini," Bi Mgeni alisema mara moja, kwa mazoea.

"Ongeza moja."

"Thelathini na moja."

"Gawanya kwa mbili."

"Inabaki moja."

"Kwa tatu."

"Inabaki moja." Sasa alikuwa ameinua kichwa. "Na kwa tano vilevile inabaki moja. Lazima ibaki, ile uliyoiongeza."

"Basi hii imetoka wapi? Haikutoka kwa mbili, wala tatu, wala tano."

Bi Mgeni alifikiri kama anayepima iliki. "Ni tasa yenyewe, au kuna tasa nyingine ambayo hukuitaja."

"Basi. Uklidisi alisema hivyo hivyo. Wakati mwingine ni hiyo nyingine. Ukijua tatu na tano tu, utapata kumi na tano, uongeze moja, kumi na sita, na kumi na sita imetoka kwa mbili uliyoisahau. Ukizitaja mia, ataibuka wa mia na moja. Hata uzikusanye nyingi kiasi gani, yupo mmoja uliyemsahau."

Bi Mgeni alimtazama wifi yake, na hakuwa akizungumza na ukumbi.

"Basi hazimaliziki," alisema.

"Hazimaliziki, wifi."

Peris aliliinua bango lake juu tena, na watu wakampigia makofi mpaka akaficha uso nyuma ya tasa zake za dhahabu.

Jioni walikula nyumbani kwa Bi Thuwaiba, yeye, mumewe, wifi, na Peris na mama yake, wali wa nazi na samaki wa kupaka ambavyo Bi Mgeni alivisimamia mwenyewe. Jua, kwa kukosa adabu kwake, lilikuwa bado limejaa dirishani. Wakakaa mkekani. Aliyenawisha siku zote alikuwa mdogo wa wote, na wa kwanza kunawishwa alikuwa mkubwa wa wote, kwa hivyo Peris alichukua birika na tasa akapiga magoti mbele ya Bi Mgeni.

Bi Mgeni hakutoa mikono. Aliichukua birika kutoka kwa mtoto, akaichukua na tasa, akajiinua kwa shida na magoti yake mazito, akazunguka sinia mpaka kwa mke wa ndugu yake, na akakaa chini mbele yake.

"Nawa," alisema.

"Wifi, wewe ndiye mkubwa. Haiwi hivyo."

"Nililolisema siku ile tukichagua mchele, sikulisema vizuri." Sauti ya soko ilikuwa imemtoka yote. "Nawa, mwalimu, maji yanapoa."

Abdulwakil alitazama dirishani. Bi Thuwaiba alitoa mikono, na aliona kwamba analia, na kwamba hana hamu ya kuficha. Bi Mgeni alimmiminia maji taratibu, kidole kwa kidole, kama anavyooshwa bi harusi, na tasa ya shaba ikayapokea yote.

Peris alikuwa ameketi na mikono yake mikavu, akitazama kutoka kwa mmoja mpaka kwa mwingine. Alingoja mpaka maji yakaisha kumiminika.

"Si nilisema?" aliuliza kwa Kiswahili. "Tasa ni ya kunawa."

Bi Mgeni ndiye aliyeanza kucheka. "Ulisema, mwanangu," alimwambia. "Lete mikono yako."